Mkononi Ninaua

Mwezi wa Ashadha, nusu ya giza, siku ya tisa

Kaka yangu ni mnakili wa vitabu, na leo amenitupia magome ya kuandikia aliyoyaharibu kwa wino. Upande mmoja ni safi kabisa. Akaniambia niwashie moto. Mimi, niliyefundishwa herufi na baba kabla sijajua kupika, niwashie moto gome la kuandikia. Katika mtaa wetu huu wa watunga maua hapa Ujjayini, wanawake wanaojua kuandika ni wawili tu: mmoja ni mimi, na wa pili nimemzaa mwenyewe. Basi nitaiandika mvua ya mwaka huu mpaka iishe yenyewe au magome yaishe.

Mvua bado. Anga limevimba tu juu ya mto Shipra kama unga uliolazwa. Tausi wanalia tangu asubuhi, nasi tunawajibu kwa kujipepea.

Ashadha, nusu ya giza, siku ya kumi

Joto. Yasmini zimefunguka kabla hazijafika sokoni. Hasara tupu.

Ashadha, nusu ya nuru, siku ya pili

Imekuja. Imekuja kwa miguu ya polepole kutoka milima ya kusini, ikasimama mlangoni kama mgeni anayeona haya, halafu ikaingia yote kwa pamoja. Mume wangu Bandhula alitoka uani akasimama akilowa, mdomo wazi, mtu mzima na mvi zake. Nikamwambia, "Baba Yuthika, utaliwa na homa." Akasema, "Acha inile. Imekaa na njaa mwaka mzima."

Binti yetu Yuthika alikuwa kibarazani anafunga matumba ya yasmini kwa nyuzi za mgomba, na midomo ilikuwa inacheza. Huyu mtoto akiona mvua hutunga shairi kama wenzake wanavyopiga chafya. Jina nilimpa mwenyewe, la yasmini ile ndogo ya mwituni ambayo huioni mpaka uinuse. Nilijua nilichokuwa nafanya.

Ashadha, nusu ya nuru, siku ya sita

Habari kubwa. Niiandike taratibu.

Kwa Bhadrila, mkuu wa wauza manukato, amekwama mgeni. Ni dada yake mkubwa, Bibi Shilavati wa Kanyakubja, ambaye mashairi yake watu huyasoma mpaka kusikojulikana. Alikuja kumwona ndugu yake, barabara zikageuka uji, sasa hawezi kuondoka mpaka ikauke. Bibi amechoka kukaa bure. Amesema atautupia mji kipande cha mwisho cha shairi, kipande kimoja tu, na kila mwenye akili atunge kilichotangulia. Kila mtu ana msimu mzima wa kutunga. Atakayempendeza ataondoka naye barabara zikikauka, akakae nyumbani kwake Kanyakubja miaka mingi, ajifunze kila anachokijua.

Na amesema wasichana pia.

Nilipopeleka maua pale, mlinda mlango aliniambia mimi wa kwanza, kwa sababu anajua nina nini nyumbani. Nilirudi nikiwaambia watu mtaa mzima. Kwa muuza vyungu nilisema mara mbili, maana masikio yake ni mazito. Nilimwambia pia jirani yangu Mekhala, mke wa mtia rangi wa nguo, ambaye mwanawe Devaraksha amesomea sarufi mpaka hawezi kuomba maji bila kuyanyambua.

Mekhala akasema, "Na akishinda, mama Yuthika, utalala na nani hapo kibarazani mvua ikinyesha?"

"Nitalala na sifa," nikamjibu.

Lakini niandike hapa ukweli wangu, maana hapa hakuna Mekhala. Atashinda, hilo halina mjadala. Ila kwenda haendi. Ushindi tutauchukua, safari tutawaachia wengine. Kanyakubja ni mbali, na mimi mtoto ninaye mmoja. Nitamwambia bibi kwamba mtoto ana kifua kibovu.

Ashadha, nusu ya nuru, siku ya kumi na moja

Mvua.

Ashadha, nusu ya nuru, siku ya kumi na mbili

Mvua. Chura ameingia kwenye kikapu cha maua ya mkadi akalala humo kama bwana harusi. Bandhula amekataa aondolewe.

Shravana, nusu ya giza, siku ya tatu

Leo bibi alikuwa anakitoa kipande chake, na leo ndiyo siku ambayo Yuthika ameamka na homa. Analowa kila alfajiri bustanini, nami nilimwonya. Nikamfunika, nikamnywesha uji wa shayiri, nikabeba kikapu cha yungiyungi nikaenda mwenyewe.

Baraza la Bhadrila lilikuwa limejaa. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia la majani makavu ya nyasi za harufu, yaliyomwagiwa maji. Mvua ilikuwa inapiga paa mpaka sauti za watu zikawa kama zinatoka chini ya mto. Nilimwona bibi kupitia upenyo: mdogo kama kitawi, amevaa nyeupe, macho nusu yamefungwa. Nikadhani amesinzia. Halafu akasema, kwa Kisanskriti, lugha ile ya wasomi:

"Mkononi ninaua."

Hakuna zaidi. Maneno mawili matatu, akafunga mdomo.

Kile Kisanskriti mimi sikiongei, tunaongea lugha yetu ya jikoni, lakini nimeyasikiliza mashairi ya binti yangu miaka mingi wala sikosi kuelewa. Nikajisemea, hili jepesi. Nikalibeba njia nzima nikilirudia ili lisidondoke. Mkononi nina ua. Mkononi nina ua. Wapagazi walinipisha wakidhani ninahesabu.

Nilipomwambia Yuthika aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Kisha akageukia ukutani na homa yake akatabasamu, na mimi nikajua tayari kazi imeisha. Ua, kwa mtoto wa mtunga maua. Ni kama kumpa samaki mtihani wa maji.

Shravana, nusu ya giza, siku ya nane

Homa imekwisha. Yuthika hatungi. Anakaa na kutazama mikono yangu ninapofunga shada. Nimemuuliza anatazama nini. "Kazi," akasema.

Mvua za mwezi huu zina namna ya kuondoa kingo za vitu. Asubuhi inaingia ndani ya mchana, mchana unaingia ndani ya jioni, nami ninafunga tumba baada ya tumba, na mara nyingine ninaamka na kukuta vidole viliendelea na kazi bila mimi. Leo niliota hivyo, macho wazi. Niliota shada limeniponyoka likawa refu, likatoka mlangoni, likashuka mtaani, likavuka mto, na mwisho wake sikuuona. Nilikuwa naendelea kufunga tu. Sikuwa na hofu hata kidogo.

Shravana, nusu ya nuru, siku ya kwanza

Mbaazi zimeota ukungu. Nimezitupa.

Shravana, nusu ya nuru, siku ya tano

Leo nimepigwa na kitu kichwani, na kilikuwa ulimi wa Mekhala.

Tulikuwa kisimani. Nikamuuliza kwa wema wangu, mwanao anaendeleaje na kipande cha bibi.

"Vizuri," akasema. "Amemweka mwindaji. Anavizia kulungu msituni, mvua inanyesha, anavuta upinde."

"Mwindaji anahusikaje na ua?"

"Ua gani?"

"Ua lililo mkononi, shoga yangu. Mkononi nina ua."

Mekhala akaweka mtungi chini. Nilimwona anajaribu kutocheka, na alivyokuwa anajaribu ndivyo alivyozidi kuniudhi. "Mama Yuthika," akasema, "hakuna ua. Ninaua. Mimi, naua. Mkononi mwangu kuna kifo. Vijana wote wa mji wanatunga wauaji. Mtoto wa mfua shaba ameweka mfalme vitani. Yule mwenye makengeza ameweka chui."

"Chui hana mkono."

"Hilo hata Devaraksha alimwambia."

Niliondoka bila maji. Njiani nililitamka moyoni, kisha midomoni, kisha kwa sauti. Ukikata pumzi kidogo pale katikati, ni mtu ameshika ua. Ukilipeleka kwa mkupuo, ni muuaji. Na kwa wasomi maneno hushikana kama maua kwenye uzi, hayaachi nafasi. Hata ukiliona limeandikwa, jicho halikusaidii. Bibi alilisema kwa mkupuo au alikata? Mvua ilikuwa inapiga paa. Sikumbuki. Nakumbuka nilichotaka kusikia.

Nilimwambia Bandhula. Alilitafuna mdomoni. "Ninaua. Nina ua," akasema. "Mbona ni kitu kimoja?"

"Ndiyo balaa lenyewe."

"Basi mwambie mtoto."

"Nitamwambia nini? Kwamba mama yake, anayejisifu mtaa mzima kwa herufi zake, amempelekea ua badala ya upanga?"

"Mwambie hivyo hivyo. Umelipanga vizuri."

Shravana, nusu ya nuru, siku ya saba

Sijamwambia. Ameanza kutunga. Anaonekana amefurahi. Nitamwambia kesho.

Shravana, nusu ya nuru, siku ya tisa

Nimemwambia.

Tulikuwa bustanini alfajiri, tunachuma kabla jua halijatoka, ingawa jua lenyewe sijaliona tangu lini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini, mtu ukimtazama ni kiwiliwili kinachoelea. Nikasema kila kitu kwa haraka, kama mtu anayejimwagia maji baridi: kisima, mwindaji, chui, makengeza, pumzi.

Yuthika aliendelea kuchuma. "Najua, mama," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua siku ile ile. Nilikuomba urudie mara mbili. Kila mara ulikuwa unavuta pumzi kidogo kabla ya ua, na masikio yangu yalikuwa na homa, yakasikia yote mawili. La ua na la kuua. Ningekwenda mwenyewe, pengine ningesikia moja tu, kama wenzangu."

Nikasimama na kikapu changu katika ukungu. "Kwa hiyo nimekusaidia," nikasema.

"Umenisaidia sana."

Basi. Nimempitia Mekhala mlangoni mchana huu nikamwambia pole kwa mwindaji wake. Hakuelewa. Nilimwacha hivyo.

Bhadrapada, nusu ya giza, siku ya pili

Mto umekula ngazi za chini. Watoto wanavua samaki mahali tulipokuwa tunafulia.

Bhadrapada, nusu ya giza, siku ya kumi

Nimempa Yuthika mtindi mzito na sukari guru, maana nasikia ni nzuri kwa sauti. Nimeshona upya pindo la nguo yake ya manjano. Nimemuuliza shairi linahusu nini, akasema nitalisikia pamoja na watu wote.

"Mimi si watu wote."

"Ndiyo maana," akasema.

Sijalala vizuri. Halafu ninawaza: akishinda, nitasema kifua kibovu kabla hawajamaliza kupiga makofi, au nisubiri kidogo? Nikisubiri atakuwa ameshafurahi. Nisisubiri.

Bhadrapada, nusu ya nuru, siku ya mwezi mpevu

Nimerudi. Naandika haraka, kwa hiyo herufi zikipinda si za kwangu.

Mvua ilikuwa nyembamba leo, ile inayoning'inia tu hewani bila kuamua. Baraza la Bhadrila lilinuka msandali na nguo mbichi. Nilikaa nyuma ya pazia, Mekhala kushoto kwangu, mguu wake umekanyaga nguo yangu wala sikumwambia, maana na yeye alikuwa anamngoja wake.

Waliua, vijana hao. Waliua mpaka nikahisi sakafu imelowa damu. Mfalme wa mfua shaba aliua tembo. Chui wa mwenye makengeza aliua mtu, na watu wakamwonea huruma chui. Devaraksha alisimama vizuri, mwindaji wake alikuwa na neno moja refu sana lililoanza msituni na kuishia kwenye macho ya kulungu, na lilipoisha wazee wote walivuta pumzi kwa pamoja. Nikamshika Mekhala mkono. Sijui kwa nini. Kazi nzuri ni kazi nzuri.

Halafu wangu.

Alitoka na nguo ya manjano, hana hata pete. Wasichana kwenye michezo ya kuigiza wanasemeshwa lugha ya jikoni, kile Kisanskriti wanaachiwa wafalme, na nilisikia mtu mbele anacheka puani kabla Yuthika hajafungua kinywa. Akafungua.

Nilitoka alfajiri, bustani yenye mvua,
Moja likanipa siri, kwanza lilipochanua,
Sikuweza kusubiri, tawi halikutambua,
Sijui kama ni heri: mkononi ninaua.

Hata matone kwenye paa yalikuwa kama yanasikiliza. Mimi nilisikia bustani yangu, alfajiri yangu, ukungu wangu, na mwishoni nikasikia: mkononi nina ua. Machozi yakanishuka. Nikamwambia Mekhala kwa sauti ya chini, "Ni bustani yetu ile."

Bibi Shilavati alifungua macho. Yale macho ni meusi kama ya mtoto. "Rudia," akasema, "usivute pumzi."

Yuthika akarudia, mistari yote minne bila kuvuta pumzi, na safari hii mtu mmoja mbele akasema "Ah" kama aliyechomwa mwiba.

"Mwenye mkono ni nani?" bibi akauliza.

"Mama yangu. Ni mtunga maua."

Alinitaja. Mbele ya wauza manukato wote wa Ujjayini na wasomi wenye mapindo mekundu, mtoto wangu alinitaja. Nilitaka kusimama mbele ya pazia. Bibi akasema, "Huyu," na akafumba macho tena, na hapo ndipo makofi yalipoanza, na mimi nikasahau kabisa habari ya kifua.

Sasa sehemu ya pili, ambayo sitaki kuiandika.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Mekhala, wengine wametangulia. Niliongea njia nzima. Nilisema alivyosimama, alivyotamka, alivyonitaja. Mekhala alibaki nyuma hatua mbili, nikadhani ni uchungu wa mwanawe. Tulipofika kwenye mifereji ya rangi ya mumewe, pale maji yanapopita ya buluu, akasimama.

"Mama Yuthika, umelielewa?"

"Nimelielewa kuliko wote. Ni langu."

"Umelisikia kwa pumzi," akasema taratibu. "Sasa lisikie bila pumzi. Mama ametoka alfajiri. Ameona moja, analipenda, hawezi kusubiri, amelichuma." Akaniangalia, na hakukuwa na mzaha wowote usoni. "Na hajui kama ni heri."

Nilisimama pale nikatazama maji ya buluu yanavyokwenda. Nililitamka kwa mkupuo, na ua lile likawa na jina la mwanangu. Lilikuwa limekaa pale muda wote, ndani ya lile jingine, kama mbegu.

"Mwanao alikuambia?" nikamuuliza.

"Hapana. Mimi pia nina mmoja," akasema Mekhala. Akanishika kiwiko mpaka mlangoni kwangu, kama mgonjwa, nami nilimwacha anishike.

Ashvina, nusu ya giza, siku ya kwanza

Hakuna cha kuandika.

Ashvina, nusu ya giza, siku ya tatu

Watu wanakuja kutupongeza. Nawapa maziwa. Yuthika na mimi tunaongea juu ya nyuzi, vikapu, kuni. Anaponitazama ninaangalia kazi.

Ashvina, nusu ya giza, siku ya sita

Nimekwenda kwa Bibi Shilavati peke yangu, kumwambia kifua.

Alikuwa ananyonya kipande cha muwa kama mtoto. Nikamsalimu, nikakaa, nikaanza: mtoto huyu tangu kuzaliwa kifua chake, usiku akikohoa, baridi ya kaskazini.

"Kifua kibovu," akasema.

"Kibovu sana, bibi."

"Alisema mistari minne bila kuvuta pumzi."

Yeye akaendelea na muwa wake. Nje tone moja lilikuwa linadondoka kwenye sufuria ya shaba, polepole, na kila moja lilikuwa na sauti yake. Nilitamani aseme kitu cha ukali ili nikasirike.

"Binti yako alikuja jana," akasema. "Amesema hatoki hapa bila neno lako. Si la baba, lako. Nikamwambia mimi sichukui mtoto aliyeng'olewa. Kwa hiyo, mama, usijisumbue kwa kifua. Ukinyamaza tu, imetosha. Nitaondoka peke yangu na wala sitamkasirikia mtu."

Nilirudi nikiwa nimepewa nilichokwenda kukiomba, na nilikuwa mzito kama nguo iliyolowa.

Ashvina, nusu ya giza, siku ya tisa

Bandhula anasema uamuzi ni wangu. Nikamwambia, na wewe je? Akasema, "Mimi nikisema aende nitalia, nikisema abaki nitalia. Afadhali wewe useme, mimi nilie tu."

Ashvina, nusu ya giza, siku ya kumi na nne

Haikunyesha leo. Masikio yanauma kwa ukimya.

Ashvina, nusu ya nuru, siku ya tatu

Jana sikuchuma.

Niliamka alfajiri, nikaenda na kikapu, nikakaa tu juu ya jiwe. Mawingu yalikuwa yamebaki vipande vyeupe vyepesi, vinavyokwenda bila mzigo. Yasmini ilikuwa imejaa matumba, magumu, ya kijani kidogo kwenye shingo, ndiyo wakati wake hasa. Sikuyagusa. Nikasema ngoja nione mtu akiyaacha yanakuwaje, kwa sababu, niseme kweli, katika maisha yangu yote sijawahi kuona. Sisi huchuma.

Jioni nilirudi. Yalianza kufunguka giza lilipokuwa linaingia, moja moja, kimya, harufu ikasimama mbele yangu kama mtu. Nilikaa nayo. Asubuhi hii yote yalikuwa chini kwenye tope. Hakuna aliyeyaona isipokuwa mimi na yule chura wa Bandhula.

Nikamwita Yuthika. Alikuja na nywele hazijafungwa.

"Shairi lako zuri," nikamwambia, "lakini lina kosa."

Akakaa kando yangu.

"Umesema nilichuma lililochanua. Mtunga maua hachumi lililochanua, wewe unajua, umelelewa na kikapu. Tunachuma tumba. Tumba tunalifunga kwenye uzi likiwa limefumba, tunalitoa mlangoni, na linafunguka jioni kwenye nywele za mtu mwingine, nyumba nyingine, tusikokwenda sisi. Hatuchumi ili tushike. Mkononi mwangu halikai hata mchana mmoja."

Midomo ilikuwa inacheza ile namna yake. "Nililibadilisha kwa ajili ya vina," akasema.

"Vina vyako vimenitesa siku zote hizi."

Akacheka, na alipokuwa anacheka akaanza kulia, na mimi nikaanza, na Bandhula akatoka ndani, hajaambiwa kitu, akajiunga.

"Utakwenda," nikamwambia. "Na ukifika, useme mama yako amekusahihisha."

Ashvina, nusu ya nuru, siku ya saba

Nimetengeneza unga wa shayiri wa kukaanga, samli, embe la kukausha. Mekhala ameleta nguo ya buluu, rangi yao bora kabisa, ile wasiyoiuza. Akasema ni ya baridi. Nikamwambia mwindaji wa Devaraksha bado ninamkumbuka, hasa yale macho ya kulungu, na sikusema hivyo kwa adabu tu. Alikaa mpaka chakula. Tulimenya vitunguu pamoja tukiwasema watoto wetu vibaya.

Ashvina, nusu ya nuru, siku ya tisa

Nimemwonyesha Yuthika namna ya kupika dengu ninavyopika siku zote. Hakusikiliza.

Ashvina, nusu ya nuru, siku ya kumi

Mikokoteni ya Bibi Shilavati ilitoka kwa lango la kaskazini asubuhi. Barabara imekauka juu, chini bado laini, magurudumu yalikuwa yanaacha mistari miwili inayong'aa. Mashamba yote yalikuwa na ukungu mwembamba wenye jua ndani yake, ng'ombe wakitembea humo kama wanaogelea. Bibi alikuwa amelala tayari kwenye mto wake, au alijifanya.

Yuthika alikuwa kwenye mkokoteni wa pili, nguo ya buluu mabegani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nilikuwa nataka kuwaambia watu wote langoni huyu ni nani na amemshinda nani. Kulikuwa na askari pale, wauza maziwa, mafundi wa magurudumu, watu wengi wasiojua chochote. Sikuwaambia.

Ng'ombe walivuta. Mwanangu aliinama pembeni ya mkokoteni, akanishika kidole kimoja, akasema kile tunachosema sisi kwetu mtu anapoondoka, maana neno la kwenda halitamkwi mlangoni.

"Mama, naja."

"Njoo," nikamwambia.

Nikafungua mkono.